Ukifutwa Kazi Nairobi: Usitie Sahihi Siku Hiyo

Mtu akiitwa ofisini jioni kuambiwa kwamba kazi imekwisha, mara nyingi hukuta karatasi imeshaandaliwa mezani ikisubiri sahihi yake, na jambo la kwanza ninalomsihi ni asiitie sahihi siku hiyo. Karatasi inayosema kwamba umelipwa haki zako zote na huna dai lingine lolote inaweza kukufungia mlango wa mahakama, kwa kuwa majaji huiheshimu pale inapoonekana kwamba uliisoma, ukaielewa na ukaikubali kwa hiari. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, umpe mtu anayeijua sheria aisome.

Kisha jiulize kama ulisikilizwa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, na ayasikilize majibu yake kabla ya kuamua. Hata anayefutwa papo hapo kwa kosa kubwa ana haki hiyo. Kwa hiyo ukipewa barua ya kujieleza, ijibu kwa maandishi hata kama imekuudhi, kwani ukinyamaza mwajiri atasema alikupa nafasi ukaikataa. Mimba, kujiunga na chama cha wafanyakazi na kumlalamikia mwajiri si sababu halali za kumfuta mtu kazi.

Wanaodhulumiwa zaidi, kwa maoni yangu, ni vibarua wanaosimama kwenye malango ya Industrial Area alfajiri, ambao huambiwa kwamba hawana haki yoyote kwa kuwa hawana barua ya ajira. Si kweli. Kwa mujibu wa kifungu cha 37, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo kwa jumla hazipungui mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, anayestahili notisi ya siku 28. Na akifikisha miezi 2 mfululizo tangu alipoanza, anastahili masharti yale yale ambayo angepata kama hangeajiriwa kama kibarua. Kukosekana kwa barua nako si kosa lake, maana jukumu la kuandika mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi ni la mwajiri. Kinachobaki kwake ni kuonyesha kwamba alikuwepo: ujumbe wa malipo ya M-Pesa, maagizo ya msimamizi kwenye WhatsApp, kadi ya lango, taarifa ya michango ya NSSF. Hifadhi nakala nje ya simu yako, kwa sababu simu ikipotea kwenye matatu, ushahidi wa miaka mingi hupotea nayo.

Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa afisa wa leba wa serikali, ambaye anapaswa kuyapokea ndani ya miezi 3 tangu ulipofutwa. Kesi yenyewe inapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3, na hapa wengi huumia, kwa kuwa mazungumzo na mwajiri, hata yakiwa ya heshima na ahadi nyingi, hayasimamishi muda huo. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi husikiliza kesi Milimani. Ambaye mshahara wake wa mwezi haukuzidi shilingi 80,000 anaweza kwenda kwa hakimu. Asiyeweza kumlipa wakili aulize msaada katika shirika la msaada wa kisheria liitwalo Kituo cha Sheria. Ukishinda, fidia inaweza kufikia mshahara wa miezi 12 kabla ya makato, mbali na malipo ya notisi na likizo ambayo hukuichukua. Aliyepunguzwa kazi kwa sababu nafasi yake imeondolewa hudai pia malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza.

Katika barua utakayomwandikia mwajiri kudai haki zako, omba pia hati ya utumishi, yaani cheti kinachothibitisha kwamba ulimfanyia kazi. Kila aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi anastahili kuipata, hata aliyefutwa kwa kosa, na mwajiri hawezi kuizuia eti mpaka mmalizane mambo ya pesa.