Namna ya Kuwatazama Wanyamapori wa Australia Ukiwa Mwanafunzi

Mwanafunzi anayewasili Australia kutoka Afrika Mashariki huwa amezoea kwamba wanyamapori hutazamwa mchana, kutoka ndani ya gari, katika hifadhi iliyo mbali na mji. Inampasa ayaweke kando mazoea hayo, kwa sababu wanyama wengi wa huku hutoka jua linapokaribia kuzama, hutazamwa kwa miguu, na baadhi yao huishi jirani kabisa na mabweni. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua mahali, chagua saa. Machweo hubadilika sana kwa majira: mjini Canberra jua huzama karibu saa kumi na moja jioni mwezi Juni, ilhali mwezi Desemba huzama baada ya saa mbili usiku. Tafuta saa ya machweo ya siku hiyo, kisha fika mahali pako saa nzima kabla.

Anza na kangaruu, kwa kuwa hahitaji nauli kubwa. Kwenye miteremko ya Mount Ainslie, mlima ulio ndani ya Canberra, makundi ya kangaruu wa kijivu hula majani jioni, nami sijaona mahali pazuri zaidi pa kujifunzia. Ukiona masikio yote yamekuelekea na midomo imeacha kutafuna, umekaribia mno. Rudi nyuma mpaka waanze kula tena. Dume akisimama wima huku akijikuna kifua, anaonyesha ubabe: usimkodolee macho, usikimbie, bali ondoka polepole ukiwa umeinama kidogo, bila kumpa mgongo. Usimpe mkate hata akikufuata, maana chakula cha binadamu kinaweza kumletea maradhi ya taya, na kangaruu aliyezoea kulishwa huwa hatari kwa mgeni anayefuata.

Mnyama ambaye kwangu anastahili subira kuliko wote ni platipasi, mwenye mdomo kama wa bata na mkia mpana, anayetaga mayai na bado hunyonyesha. Unaweza kumtafuta katika hifadhi ya Tidbinbilla, kusini-magharibi mwa Canberra, ambako ni vema mchange fedha za mafuta na kwenda wanne kwa gari moja, au katika mto Broken River ndani ya hifadhi ya Eungella, jimboni Queensland. Keti ukingoni alfajiri au jioni, uwe kimya, na utazame uso wa maji badala ya kumtafuta mnyama mwenyewe. Kwanza utaona vipovu vikipanda kwa mstari, kisha viduara vinavyotanuka, halafu mgongo wa kahawia ulio bapa ukielea kama kipande cha gome. Hapo anatafuna alichokusanya mashavuni kwa muda wa sekunde kumi hivi, kisha anajikunja na kuzama. Akiwa chini hufumba macho, masikio na pua, akitafuta wadudu kwa mdomo unaohisi umeme hafifu utokao kwenye misuli ya mawindo yake, na mara nyingi hurudi juu baada ya dakika moja au chini ya hapo. Sogea akiwa amezama, ganda akiwa anaelea. Nilipomwona wa kwanza nilikuwa nimekaa dakika arobaini kwenye jiwe lenye umande, na vipovu vilipotokea nilisahau kabisa kwamba vidole vyangu vimekufa ganzi. Usijaribu kumshika, kwa kuwa dume ana mwiba wenye sumu katika kila mguu wa nyuma.

Koala hutafutwa kwa kuanzia chini. Kagua shina la mkaratusi uone mikwaruzo ya kucha na vinyesi vidogo vilivyokauka, ndipo uinue macho kwenye panda za matawi, kwa sababu anaweza kulala hadi saa ishirini kwa siku na hatakuja kukusalimu. Kisiwa cha Magnetic Island, karibu na Townsville, kina njia ya miguu inayojulikana kwa koala. Ukialikwa kumpakata kwa ajili ya picha, fahamu kwamba majimbo ya New South Wales na Victoria yamekataza jambo hilo, ingawa baadhi ya bustani za Queensland huruhusu. Ushauri wangu ni kukataa kote. Tangu Februari 2022 koala wa Queensland, New South Wales na eneo la Canberra wameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka.

Likizo ikifika, unaweza kwenda Phillip Island, kusini-mashariki mwa Melbourne, kuwaona pengwini wadogo wenye kimo cha sentimita 33 hivi wakitoka baharini baada ya machweo. Kupiga picha wakati huo hakuruhusiwi. Walio Perth wavuke kwa boti hadi Rottnest Island kumwona kwoka, mnyama mdogo wa jamii ya kangaruu, ambaye kumgusa au kumlisha kunatozwa faini. Nyangumi wenye nundu nao hupita pwani ya Sydney wakielekea kaskazini mwezi Juni na Julai, na hao huonekana mchana kutoka kwenye majabali ya Cape Solander, bila kukodi boti.

Usalama unahitaji nidhamu kuliko hofu. Katika pwani zenye waokoaji, ogelea baina ya bendera za nyekundu na njano pekee. Kaskazini mwa nchi kaa walau mita 5 kutoka ukingo wa maji yenye mamba, na usiingie baharini kati ya Oktoba na Mei nje ya wavu wa kuzuia yavuyavu wenye sumu kali. Aliyechomwa humwagiwa siki huku msaada ukiitwa. Popo aliyeanguka usimguse kamwe, kwa sababu anaweza kubeba kirusi cha jamii ya kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa na nyoka, alale bila kutembea. Usioshe jeraha, funga kiungo chote kwa bandeji pana iliyokazwa, kizuie kisitikisike, na upige 000, namba ya dharura. Bima ya afya ya wanafunzi wa kigeni, ambayo ni sharti la viza, hugharimia gari la wagonjwa katika dharura ya namna hiyo, kwa hiyo usisite kupiga.

Mkirudi kwa gari gizani, punguzeni mwendo, na kangaruu akikatiza, funga breki ukiwa umenyoosha usukani, maana waliojaribu kumkwepa wamegonga miti. Someni pia mkataba wa gari la kukodi, kwa kuwa baadhi ya kampuni hazifidii ajali ya mnyama iliyotokea usiku nje ya mji. Mkikuta kangaruu aliyegongwa, na barabara ikiwa salama, hakikisheni amekufa, kisha chunguzeni mfuko wake, kwa sababu mtoto anaweza kuwa hai ndani. Akiwa bado ameng'ang'ania chuchu, msimvute. Wapigieni waokoaji wa wanyamapori wa jimbo hilo, kama WIRES katika New South Wales au Wildlife Victoria, na mfuate wanachowaelekeza. Wakiwaruhusu kumbeba mtoto asiyeshika chuchu, mfungeni katika nguo laini, mumweke mahali penye joto, giza na utulivu, na msimpe maziwa ya ng'ombe.