Namba ngeni, "mwanao" yuleyule: jinsi ya kuipima meseji kabla ya kutuma hela

"Mwanangu, mdogo wako kakwama Mwanza, nimtumie elfu themanini?" Mama aliniuliza hata shikamoo yangu hajaipokea. Namba ya mdogo wangu ilikuwa haipatikani. Nikamwomba mama asitume kwanza, mjukuu wake aipige picha ile meseji anitumie. Ilisema: "Shikamoo mama. Simu yangu imeharibika. Hela nitumie kwa hii namba sasa hivi."

Nimesahihisha insha za sekondari miaka kumi na tisa, na mwanafunzi namjua kwa vineno vyake hata asipoandika jina. Moyo ulikataa kwamba huyu ni mdogo wangu. Ila moyo si ushahidi. Yakikukuta, fanya hivi.

Usiifute meseji, wala usiinakili huku ukiirekebisha. Ukigeuza "utaki" kuwa "hutaki" umefuta alama uliyokuwa unaitafuta. Piga picha namba na saa vionekane.

Tafuta meseji zake za zamani alizomwandikia mtu huyohuyo. Anavyowaandikia washkaji sivyo anavyomwandikia mama. Kwenye simu ya mama nilipata ishirini na tatu.

Sasa shika kalamu, uangalie pale ambapo watu huandika kila mtu kwa namna yake: "sijui" au "cjui", "sasa" au "xaxa", "nitakuja" au "ntakuja", "kwa hiyo" au "kwaiyo". Tazama H inayodondoka kwenye "apa" na "aya", R na L zinazopokezana, "-ga" ya "anakujaga", nukta, herufi kubwa, nafasi baada ya koma. Hesabu, usikisie. Mdogo wangu aliandika "shkamoo" bila I kila mara, "cm" badala ya simu mara sita, na nukta hakuweka hata moja. Meseji ngeni ilikuwa na nukta tatu.

Hapo nilijizuia, kwa sababu simu ya kuazima huweza kurekebisha tahajia yenyewe. Ndiyo maana uzito mkubwa uupe uchaguzi wa maneno. Mdogo wangu kwa mama ni "pesa" siku zote, "hela" hamna. Simu haibadilishi pesa kuwa hela.

Njia hii imefika mahakamani. Mwaka 2005 binti wa miaka 19 alipotea Richmond, kaskazini mwa Uingereza, na meseji zikaendelea kutoka kwenye simu yake. Mwanaisimu Malcolm Coulthard alionyesha kuwa binti huyo alizoea kuandika "my" na "myself", lakini meseji hizo zilikuwa na "me" na "meself", kama alivyoandika mtuhumiwa. Mwaka 2008 mtuhumiwa huyo alitiwa hatiani kwa mauaji. Ushahidi wa lugha haukuwa peke yake, na hata wako usiuache peke yake.

Kwa hiyo endelea kuipiga namba ya zamani. Mdogo wangu alipokea saa moja usiku, ametoka zamu, simu ilikuwa imezima chaji. Namba ya tapeli iripoti kwa 15040, namba ya kuripoti matapeli hapa Tanzania, na picha pamoja na hesabu zako zipeleke polisi. Usiwatajie jina la jirani unayemshuku: hesabu zangu zilionyesha kwamba aliyeandika si mdogo wangu, hazikuonyesha ni nani.