Somo: Sabuni ina unga mweupe, madoa au jasho? Shika kisu kwanza

Habari za kazi, wapendwa. Wiki hii nimeletewa picha nyingi za sabuni "zilizoharibika", na wengine walishafikia kuzitupa. Nyingi zina kasoro ya uso tu, ila chache ni za hatari, na kwenye picha zote zinafanana.

Nachukulia unatengeneza kwa njia ya baridi, yaani bila kupika, na una mizani ya gramu. Mimi hutumia mawese gramu 600, mafuta ya nazi 400, kostiki (sodiamu haidroksaidi) 150 na maji 300. Kwa vipimo hivyo asilimia 5 hivi ya mafuta hubaki bila kuliwa na kostiki. Anayepima kostiki kwa kijiko cha chakula, somo hili halitamsaidia mpaka anunue mizani.

Hatua ya 1: Kata
Vaa glavu, kata mche katikati, uangalie ndani. Weupe ukiishia juu, nenda hatua ya 2. Ukiwa umeingia hadi ndani, ruka hadi ya 3.

Hatua ya 2: Unga mweupe juu
Kostiki ambayo haijamaliza kazi hukutana na hewa ya kaboni juu ya boksi la kumiminia, ikawa kabonati ya sodiamu. Ni ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Futa kwa kitambaa chenye maji, au pitisha kipande juu ya mvuke wa birika, kisha kiache kikauke. Safari ijayo subiri uji (mchanganyiko wa mafuta na kostiki) uwe mzito kabla ya kumimina, na ufunike uso kwa nailoni siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Vidoa vyeupe ndani
Hapa usiwe na haraka. Kidoa kinaweza kuwa kimoja kati ya vitu viwili.

Kwanza, mawese ambayo hayakuyeyuka yote. Mawese yana mafuta mazito yanayoganda mapema, na watu wa Njombe, Iringa na Arusha mnalijua hili kila Juni. Ukiyeyusha nusu tu na kuchota ya juu, mazito yanabaki chini, na ndoo ya mwisho inatoka na vidoa. Vidoa hivi ni laini na havina madhara. Dawa yake ni kuyeyusha dumu zima hadi mafuta yawe maangavu, uyakoroge, ndipo upime.

Pili, kostiki ambayo haikuyeyuka au haikuchanganyika. Hii ni punje ngumu, au kishimo chenye majimaji yanayoteleza vidoleni. Lowesha kidogo na uweke karatasi ya kupimia pH, yaani ukali wa sabuni. Sabuni iliyoiva huwa 9 au 10. Ikisoma 12 na kuendelea, sabuni hiyo haigusi ngozi ya mtu, hata ikinukia namna gani. Ikwangue, iyeyushe taratibu kwa maji kidogo huku ukikoroga, uipime upya. Kikwangulio kiwe cha sabuni peke yake; mbuzi wa nazi muache jikoni.

Hatua ya 4: Duara jeusi katikati, au nyufa
Yote ni mambo ya joto. Duara maana yake katikati ya boksi palipata moto, pembeni pakapoa. Nyufa juu maana yake joto lilizidi, hasa ukitia asali au maziwa. Kwa duara, funika boksi lote kwa blanketi. Kwa nyufa, fanya kinyume: ondoa blanketi, na ufa ukiwa bado laini uubonyeze kwa kidole chenye glavu.

Hatua ya 5: Jasho
Ni matone juu ya sabuni: gliserini iliyomo ndani yake huvuta maji ya hewani. Sisi wa Tanga, Mombasa na Unguja, wakati wa masika tutapangusa mpaka tuchoke. Panga vipande kwenye chanja penye upepo, viachane. Usiweke kwenye friji. Ukivitoa vitaloa zaidi.

Hatua ya 6: Madoa ya machungwa yenye harufu ya mafuta ya zamani
Mafuta yameanza kuchacha. Mara nyingi chanzo ni alizeti nyingi, mafuta yaliyokaa sana, au chanja cha waya chenye kutu. Hayaponi. Fulia mwenyewe, usiuze.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Moshi): Dada, nimetia mafuta ya karafuu, uji ukawa jiwe kwenye ndoo. Nilikosea wapi?
Jibu: Hukukosea vipimo, mdogo wangu. Karafuu ndivyo ilivyo, huharakisha uji kuliko manukato mengi. Itie mwisho kabisa, kidogo, mafuta yakiwa yamepoa, na ukoroge kwa mwiko badala ya blenda.

Swali (Pemba): Shikamoo bibie. Manjano niliyotia iligeuka nyekundu, sasa inapauka.
Jibu: Marahaba mwanangu. Kostiki huibadilisha manjano iwe nyekundu ya udongo. Hiyo ni kawaida. Kupauka kunaletwa na jua, kwa hiyo kausha kivulini na usiipange dirishani mwa duka.

Swali (Kigoma): Nilichanganyia kwenye sufuria ya kawaida, ikatokota yenyewe na sabuni ikawa kijivu.
Jibu: Sufuria hiyo ni alumini, ndugu yangu. Kostiki huila na kutoa gesi inayoshika moto. Mwaga, na usirudie. Tumia ndoo ya plastiki nene au chombo cha stenlesi.

Swali (Dar): Yenye unga juu naweza kuuza?
Jibu: Uza, baada ya wiki nne za kukauka na kuifuta. Mteja wangu mmoja aliuona ule unga akadhani ni poda ya watoto, akaniomba nyingine "zenye poda". Sikumbishia.