Jinsi ya kuomba nafuu ya mkopo wa nyumba Marekani bila kuangukia kwa matapeli

Ukichelewa kulipa mkopo wa nyumba Marekani miezi kadhaa, wageni wataanza kubisha hodi. Anakuja mtu nadhifu mwenye faili mkononi, anajua jina lako na kwamba nyumba inaelekea kupigwa mnada. Si malaika wala hakutumwa na benki. Kesi ya kunadi nyumba ikishasajiliwa, kumbukumbu zake ziko wazi kwa yeyote, na wapo wanaozipekua kila asubuhi kutafuta wenye shida.

Anachotaka kukuuzia ni ombi ambalo unaweza kulipeleka mwenyewe, bila ada.

Anza na barua. Niliwahi kukaa mezani kwa mama mmoja Mkongomani, akatoa bahasha kumi na moja kutoka kwenye mfuko wa mchele, hata moja haijafunguliwa. Anayemsomea barua ni binti yake wa miaka kumi na miwili, na mtoto alikuwa akizificha ili mama asipandwe na presha. Tafadhali, mzigo huu tusiwatwike watoto. Fungua zote, zipange kwa tarehe, kisha tafuta taarifa ya malipo ya kila mwezi. Hapo utaona jina la kampuni inayopokea malipo yako, ambayo huenda siyo iliyokukopesha. Piga nambari iliyo kwenye taarifa hiyo, siyo ya kwenye kipeperushi, na uliza kama wana mkalimani wa Kiswahili. Sema: nataka fomu ya kuomba msaada wa mkopo.

Kabla ya kuijaza, piga 800-569-4287. Ni nambari ya HUD, wizara ya serikali kuu inayoshughulikia makazi, na watakuelekeza kwa mshauri aliyeidhinishwa aliye karibu nawe. Ushauri wa kuzuia mnada ni bure.

Fomu kwa kawaida huambatana na stakabadhi za mshahara za karibuni, taarifa za benki, ritani ya kodi na barua ya kueleza shida yako. Barua hiyo ndiyo watu wengi huiharibu kwa kulia na kuomba huruma kurasa tatu. Anayeisoma anatafuta tarehe na hesabu: "Mwezi Machi saa zangu kiwandani zilipunguzwa kutoka 40 hadi 24 kwa wiki. Mwezi Juni nilipata kazi ya pili. Kuanzia Septemba naweza kulipa." Inatosha. Weka nakala ya kila karatasi, na uandike siku uliyotuma na jina la uliyezungumza naye.

Sasa muda, kwani hapa ndipo tapeli anapokuumiza zaidi. Kwa nyumba unayoishi, sheria za serikali kuu kwa kawaida haziruhusu kampuni kuanza hatua ya kwanza ya kunadi kabla deni halijachelewa zaidi ya siku 120. Ombi likifika mapema, wanapaswa kukujulisha ndani ya siku 5 za kazi kama limekamilika au kuna kinachopungua. Likikamilika zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, hawawezi kuuza kabla hawajalijibu, na jibu linatakiwa ndani ya siku 30. Kila wiki unayomsubiri "mwokozi" inakula siku hizo.

Kampuni inayojidai kukuokolea nyumba, kama ya yule mwenye faili, hairuhusiwi kukutoza hata dola moja kabla hujapata pendekezo la nafuu kwa maandishi kutoka kwa mkopeshaji na kulikubali. Anayetaka pesa mwanzoni, mfukuze. Anayekuambia usiongee na benki, au umlipe yeye badala ya benki, vilevile. Hatari kuliko wote ni anayekutaka utie sahihi kumhamishia hati ya nyumba "kwa muda", uendelee kuishi kama mpangaji: nyumba inakuwa yake, deni linabaki lako.

Na kama umeshatia sahihi? Acha kumlipa leo. Mpeleke mshauri wa HUD karatasi zote, toa taarifa kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako, na kama ulisaini chochote kuhusu hati, tafuta wakili wa msaada wa kisheria haraka. Kisha ipigie kampuni ya mkopo uulize kama ombi lolote limefika kwa jina lako. Kama halijafika, tuma lako siku hiyo hiyo.