Uzi mwekundu kwenye kioo cha ndege

Nafundisha kurusha glaida, ndege isiyo na injini, na kifaa ninachokiamini kuliko vyote humo ni uzi wa sufu wa kama sentimita 10. Hauna betri wala waya. Ndugu Wright walikuwa nao, na ndege ya upelelezi ya U-2, iliyojaa mitambo, nayo inao.

Ubandike nje ya kioo cha mbele, katikati kabisa, ncha moja tu kwa kipande kidogo cha selotepu. Hiyo katikati ipime kutoka kushoto na kulia, maana ukibandika upande, utadanganywa safari nzima. Chagua rangi inayopiga kelele. Kwenye ndege yenye panga moja la injini puani usijisumbue: upepo wa panga unauvuruga.

Kuusoma ni rahisi. Uzi ukilala sawa, hewa inakuja moja kwa moja kutoka mbele. Mkia wake ukienda kulia, ndege inaruka kiubavu na hewa inaipiga shavu la kushoto. Kanyaga pedali ya kushoto, pua irudi kushoto. Waliozoea kigololi cha kwenye dashibodi, kinachobingirika kwenye mrija ndege ikiteleza kiubavu, huchanganyikiwa hapa, kwa kuwa kigololi unakifuata kwa mguu, uzi unaukimbia. Mimi husema: kanyaga kichwa cha uzi, si mkia.

Pa kuuangalia zaidi ni kona ya mwisho kabla ya kutua. Mwanafunzi mmoja aliona anapitiliza mstari wa kiwanja. Akaogopa kulaza bawa karibu na ardhi, basi akausukuma mguu ili pua igeuke. Pua ikashuka, akavuta usukani. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega; sikusema neno, niligusa kioo kwa kidole. Uzi ulikuwa umelala kuelekea ndani ya kona. Hiyo ndiyo picha ya kuogopa: bawa la chini huacha kubeba kwanza, ndege inazunguka kama pia, na kimo cha kujiokoa hakipo. Sukuma usukani mbele, toa mguu uliozidi, kiwanja baadaye. Uzi ukielekea nje kidogo sina ugomvi nao. Wengi wetu tunauacha hivyo tunapozunguka kwenye hewa inayopanda.

Unaweza kuongeza nyuzi mbili ubavuni mwa kioo. Pua ikizidi kuinuka dhidi ya hewa, mikia yake hupanda. Ukiwa juu sana, pamoja na mwalimu, punguza mwendo hadi bawa lianze kutetemeka, kisha weka alama ya selotepu pale mikia ilipofika: hapo ndipo bawa linapokaribia kuacha kubeba.

Kwa marubani wa ndege za injini mbili: moja ikizima, ukikilazimisha kigololi kikae katikati huku mabawa yamenyooka, ndege bado inateleza kiubavu. Laza bawa kidogo upande wa injini nzima mpaka uzi unyooke.

Mvua huugandisha kwenye kioo, na kitambaa cha kusafishia huung'oa. Weka wa akiba mfukoni.