Maji ya tangi yakipungua, usijazie ya chumvi
Kwa anayeanza kufuga samaki wa baharini na matumbawe nyumbani: maji hugeuka mvuke yakapotea, chumvi inabaki. Kwa hiyo maji yaliyobaki huzidi ukali kila siku, na ukijazia ya chumvi unaongeza chumvi juu ya chumvi. Jazia maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa hadi kuondoa madini. Ya bomba yaache, mara nyingi yana klorini, na hata fosfati inayolisha mwani.

Pima chumvi kwanza. Ikisoma 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), piga mstari wa kalamu kwenye kioo palipo usawa wa maji, kisha kila asubuhi rudisha maji hadi hapo, polepole. Kama una tangi la pili chini lenye pampu, mstari upige huko, upande wa pampu, maana la juu halionyeshi kupungua. Maji ya chumvi ni ya siku ya kubadilisha maji tu.

Na samaki, tafadhali, wasubiri hadi amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu ndani ya tangi jipya, zisome sifuri. Mara nyingi ni wiki 4 hadi 6. Tangi dogo huchafuka haraka zaidi, hivyo kama nafasi ipo, anza na kubwa.