Kupanga safari ya baiskeli ya siku tano, kutoka Goma hadi Bukavu kwa njia ya vilima

Kutoka Goma hadi Bukavu kuna njia mbili za nchi kavu. Ya magharibi hupita Sake, Minova, Kalehe na Katana, yote ikiwa ndani ya Kongo. Ya mashariki huvuka mpaka, hufuata ufuo wa Ziwa Kivu upande wa Rwanda kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke hadi Rusizi, kisha hurudi Kongo kwenye mto Ruzizi. Ya kwanza ndiyo barabara yetu na wengi wangependa kuipita, lakini usalama wake umekuwa wa kubadilikabadilika kwa miaka mingi, na haiwezekani kuwapangia watu kumi na wawili safari juu ya barabara ambayo hali yake hujulikana asubuhi ya siku ile ile. Mwongozo huu unahusu njia ya mashariki, ambayo pia ndiyo yenye vilima vingi vya kumjaribu mtu.

Upande wa Rwanda kuna njia iliyowekewa alama kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, iitwayo Congo Nile Trail, yenye urefu wa kilomita 227 kati ya Rubavu, ng'ambo tu ya mpaka wa Goma, na Rusizi. Kwa kawaida mtembea kwa miguu huhesabiwa siku 10 na mwenye baiskeli siku 5. Sehemu zake nyingi za kaskazini ni za udongo, karibu na maji, zikipita katikati ya mashamba ya kahawa na migomba. Barabara ya lami hupita juu zaidi. Kikundi chenye watu ambao hawajawahi kusafiri pamoja kichague lami, na wale wenye matairi mapana na mazoezi ya kutosha washuke kwenye udongo kwa kipande kimoja au viwili tu. Udongo ule ukinyeshewa hugeuka utelezi, hujaa kati ya gurudumu na fremu, na watu hulazimika kubeba kile walichokuja kukipanda.

Kosa la wapangaji wengi ni kugawa kilomita kwa idadi ya siku: 227 kwa tano ni kama 45, na kilomita 45 kwa siku huonekana kuwa mchezo kwa mtu aliyezoea kwenda Sake na kurudi. Vilima havihesabiwi hivyo. Uso wa ziwa uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia hushuka karibu na ghuba, hupanda mgongo wa kilima, hushuka tena, na kila mshuko hulipwa upya kwa kupanda. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kilomita za siku, andikeni jumla ya mita za kupanda. Programu za ramani kwenye simu, kama vile Komoot, huchora umbo la mwinuko wa njia nzima na kutoa jumla hiyo; pakueni ramani mapema ili ifanye kazi bila intaneti, kwa sababu mkivuka mpaka laini za simu za Kongo hazitawafaa sana.

Kisha geuzeni mita kuwa saa. Hesabu ninayoipendekeza ni kwamba mwendeshaji wa kawaida, mwenye mzigo nyuma, hupanda kati ya mita 300 na 400 za wima kwa saa moja. Siku yenye mita 1,200 za kupanda ina saa tatu hadi nne za kupanda peke yake, hata kama kilomita zake ni chache. Ongezeni saa moja na nusu au mbili kwa sehemu za tambarare na za kushuka, halafu ongezeni vituo, ambavyo katika kikundi ndivyo vinavyokula siku: mkisema dakika kumi za kunywa maji, mmoja atatafuta choo, mwingine atarekebisha kiti, wa tatu atapiga picha ya ziwa, na dakika kumi zitakuwa ishirini na tano. Siku ya namna hiyo hufika saa saba au nane kwa urahisi. Hapa karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi na kuzama karibu saa 12 jioni mwaka mzima, na hakuna mtu anayepaswa kushuka mteremko gizani. Mkianza saa 1 asubuhi, lengo liwe kufika saa 9 mchana, ili saa tatu zinazobaki ziwe akiba ya gurudumu lililotoboka, mvua, au mwenzenu aliyechoka.

Hesabu hizo zote zifanywe kwa mwendo wa yule wa mwisho. Anayepanda polepole zaidi ndiye saa ya kikundi, na njia ya kumjua ni kupanda pamoja kabla ya safari. Hapo sisi watu wa Goma tuna upungufu: mji wetu umekaa juu ya lava iliyotandazwa, na mtu anaweza kuendesha kinga, yaani baiskeli, mwaka mzima bila kupanda kitu kirefu, wakati mwenzake wa Bukavu hufanya mazoezi kwa kurudi nyumbani tu kutoka sokoni. Kupanda Mont Goma mara nyingi mfululizo husaidia miguu, lakini ni kilima kifupi. Bora, siku moja ya majaribio, mvuke hadi Rubavu na kufuata barabara ya Musanze kuelekea Mukamira, ambayo hupanda hadi juu ya mita 2,000. Mtu atakayeshindwa hapo asifukuzwe. Mpangieni nafasi ndani ya gari la mizigo, naye apande baiskeli siku zile fupi.

Gari hilo ni afadhali likodiwe Rwanda, pamoja na dereva wa huko, kwa sababu kuvusha gari la Kongo kunahitaji karatasi zake na huleta ucheleweshaji usio na faida. Basi dogo lenye nafasi ya baiskeli mbili au tatu zilizotolewa magurudumu linatosha kwa watu kumi na wawili. Likitangulia na kusubiri kwenye vituo mlivyokubaliana, ni bora kuliko kufuata nyuma na kuziba barabara.

Kuhusu mpaka, mwombeni kila msafiri aonyeshe kitambulisho na karatasi ya kuvukia wiki mbili kabla, wala si usiku wa kuamkia safari, na ulizeni idara za uhamiaji za pande zote mbili ni karatasi gani zinazokubaliwa kwa mtu atakayelala nchini siku kadhaa, kwa maana jeton, kikaratasi cha kuvukia cha mfanyabiashara anayevuka asubuhi na kurudi jioni si kitu kimoja na ruhusa ya kukaa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi. Andaeni pia orodha moja yenye aina ya kila baiskeli, rangi, na namba iliyopigwa chini ya fremu, ili baiskeli kumi na mbili zisionekane kuwa bidhaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, kwa hiyo nguo na vyakula vifungwe katika vitambaa au mifuko ya turubai isiyopitisha maji.

Tarehe ichaguliwe katika kiangazi kirefu, kuanzia Juni hadi Agosti, au katika kile kifupi cha Januari na Februari. Epukeni pia kuwa barabarani asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu Wanyarwanda huwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kijamii, na maduka hubaki yamefungwa hadi karibu saa 5 asubuhi.

Mgawanyo wa siku ninaouona kuwa wa busara ni huu. Siku ya kwanza iwe fupi, kutoka Rubavu hadi mahali pa kulala katika wilaya ya Rutsiro, kwa kuwa mpaka utachukua sehemu ya asubuhi na miguu bado haijazoea. Siku ya pili ifike Karongi, mji ambao wazee bado wanauita Kibuye, ulio karibu katikati ya njia. Siku ya tatu mlale hapo hapo, mfue nguo, mkaze boliti na kula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Wapangaji wenye haraka huikata siku hii, na wanaoilipia ni magoti ya watu siku ya nne. Siku ya nne muende Nyamasheke, na ya tano mmalizie Kamembe, mji wa Rusizi ulio mpakani, na kuvuka hadi Bukavu. Siku hiyo ya mwisho, mkifika Ntendezi, barabara hukutana na ile itokayo Huye kupitia msitu wa Nyungwe, na malori huongezeka; kuanzia hapo mwende mmoja nyuma ya mwingine bila kuzungumza.

Baiskeli yenyewe ikaguliwe kwa kitu kimoja kabla ya vingine: gia nyepesi. Hesabu meno ya duara dogo la mbele, kisha ya duara kubwa kabisa la nyuma. Ikiwa la nyuma lina meno sawa na la mbele au zaidi, mtu atapanda akiwa amekaa. Ikiwa la mbele lina 42 na la nyuma 24, atasukuma kwa mkono, awe na mapafu ya namna gani. Baada ya gia ni breki. Raba za breki ziwe mpya, na kila mtu abebe jozi moja ya akiba, kwa maana mteremko mrefu wenye mvua na mchanga huweza kumaliza raba nyembamba kwa siku moja. Anayeshuka asibane breki mfululizo kutoka juu hadi chini, kwani rimu hupata joto na huweza kupasua mpira wa ndani. Abane kwa nguvu, aachie, abane tena, na kati yake na aliye mbele pawe na nafasi ya kutosha kwa mbuzi kukatiza.

Kwado, yaani mafundi wa kuziba matairi, mtawakuta kwenye vituo vingi vya barabara, lakini hawatakuwa na mpira wa kipimo chenu cha kisasa. Bebeni mipira ya ndani miwili kwa kila aina ya gurudumu, viraka na gundi, pampu mbili, kipande cha mnyororo na kifaa cha kuukatia, spoku chache, na waya wa breki na wa gia.

Barabarani awepo mtu wa mbele anayejua njia na mtu wa nyuma ambaye hapitwi na yeyote. Wengine waende kila mmoja kwa pumzi yake, lakini kwenye kila njia panda wa mbele asimame hadi aonekane anayemfuata. Mtu wa nyuma ndiye abebe vifaa vya ufundi na dawa, kwa kuwa yeye ndiye atakayemkuta aliyeharibikiwa. Kumpa vifaa yule anayekimbia mbele ni kuvipeleka mbali na tatizo.

Kila mtu ahesabu nusu lita hadi robo tatu ya maji kwa saa. Anayetoka jasho sana au kuharisha atengenezewe maji ya sukari na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufutwa juu. Ndizi, chapati na karanga zilizonunuliwa njiani hutosha kwa mchana. Ugali mzito uachwe hadi jioni, kwani hakuna anayepanda vizuri tumbo likiwa limejaa.

Fedha zikusanywe kabla ya kuondoka na kushikwa na mtu mmoja anayeandika, na zibadilishwe kuwa faranga za Rwanda kiasi cha kulipia malazi, gari na chakula, huku sehemu ya kurudia Goma kwa meli ikibaki katika dola ambazo hazijachanika. Kwa meli hiyo, hakikisheni siku za safari na bei ya baiskeli kabla hamjatoka Goma. Mkifika bandarini, fungueni mizigo yote, geuzeni usukani uwe sambamba na fremu, na mfunge baiskeli mbilimbili kwa kamba, upande wa mnyororo ukitazama nje, ili zisikwaruzane usiku kucha ziwani.